Unga mweupe kwenye ukuta wa sebule ya babu

*"Shikamoo mhandisi. Nimeachiwa nyumba ya babu huku Katonga, Kigoma, hatua kama sabini kutoka maji yalipo sasa. Aliijenga mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa matofali ya kuchoma na udongo. Kuta ni nene, juu ni bati, chini ni sakafu nyekundu ya saruji. Nataka kuanza na sebule, mita tano kwa nne, wanangu wapate pa kukaa wakati wa likizo. Shida ni kuta. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno rangi ya mafuta inavimba na kubambuka, lipu inapukutika, na unatoka unga mweupe kama chumvi. Mwaka juzi nilibandua nikapiga lipu ya saruji. Haukupita mwaka ikarudi, na safari hii imepanda juu kuliko mwanzo. Kona ya upande wa jikoni ndiyo mbaya kuliko zote; hata siku zisizo na mvua inatoka jasho asubuhi. Jirani anasema hiyo ni chumvi ya ziwa, haina dawa. Fundi anataka tupige tena lipu ya saruji yenye wotaprufu, tubandike marumaru ukutani hadi mita moja, na sakafuni kote. Kaka yangu anasema tubomoe. Sijui kama inasaidia, lakini zamani chumba hicho kilikuwa pia stoo ya babu. Alikuwa analeta chumvi kutoka Uvinza na kuwauzia wavuvi. Nifanye nini, na nianzie wapi? Pesa yangu ni ya kudunduliza."*

Marahaba mwanangu, na pole kwa lipu iliyokupotea. Barua yako nimeisoma mara mbili, na sentensi iliyonisimamisha ni ile ya mwishoni, ya stoo ya babu. Uliiandika kwa kusitasita, kumbe inaeleza nusu ya tatizo lako. Nitaifikia.

Nikikuelewa vizuri, umeshatumia pesa mara moja, ugonjwa umerudi ukiwa mkubwa zaidi, na sasa watu watatu wanakuvuta huku na huku. Unaogopa kutumia tena halafu irudi. Hofu yako ni ya haki, maana ukifuata ushauri wa fundi, itarudi. Lakini kwa jinsi ulivyoieleza, nyumba hiyo haijafikia kubomolewa, na sebule yenyewe haihitaji vitu vya bei kubwa. Ukuta unataka uachwe upumue, na wewe uwe na subira ya kiangazi kizima.

Nianze na jirani yako. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maji baridi, yaani si ya chumvi kama ya bahari. Watu wa Katonga wanayapikia ugali na kuogeshea watoto. Yana madini yake, lakini hayaharibu ukuta kama bahari inavyoharibu nyumba za Kilwa au Bagamoyo, na upepo wa ziwa haukuletei chumvi ndani. Chumvi ya ukutani ina vyanzo vingine: ardhi yenyewe, hasa palipowahi kuwa na choo cha shimo au zizi, matofali, na hata saruji mliyoongeza mwaka juzi. Ziwa linaweza kukuletea maji chini ya msingi, na hilo ni jambo zito tutakalolizungumza, ila chumvi si yake.

Sasa tuangalie ukuta unavyoumwa. Chukua utambi wa kandili. Mafuta yako chini, moto uko juu, na hakuna anayeyasukuma; yanapanda yenyewe kwenye nyuzi. Tofali la kuchoma na udongo wa kuunganishia vina vijitundu vidogo sana vinavyofanya kazi hiyohiyo. Leo fundi akimaliza msingi hutandaza karatasi ya lami au nailoni nene kabla ya kupanga mstari wa kwanza wa matofali, ili maji ya ardhini yasipite. Nyumba nyingi za umri wa hiyo ya babu hazina tabaka hilo. Kwa hiyo maji yanapanda, na kwa kawaida yanaishia kwenye mita moja au zaidi kidogo, pale ambapo yanakauka kwa kasi ileile yanayopandia. Njiani yanabeba chumvi iliyoyeyuka. Yakifika usoni mwa ukuta yanageuka mvuke na kwenda zake, lakini chumvi haigeuki mvuke. Inabaki palepale, inaganda kuwa fuwele, na kila fuwele inapokua ndani ya kitundu inakisukuma hadi kinapasuka. Ule unga unaoufagia, mwanangu, sehemu yake ni chumvi, na sehemu yake ni lipu na tofali lililosagwa na chumvi hiyo.

Ukuta wa namna hiyo ukipakwa udongo au chokaa unaweza kukaa miaka mingi bila kelele, kwa sababu unakunywa wakati wa mvua na kukauka kiangazi. Taabu huanza siku unapofunikwa kwa rangi ya mafuta, na huzidi unapofunikwa kwa saruji. Mlango wa kutokea mvuke umefungwa. Maji hayarudi chini, yanaendelea kupanda hadi yapate upenyo. Ndiyo maana baada ya lipu ya mwaka juzi unyevu wako umepanda.

Hili nililijua kwa gharama ya mtu mwingine, na bado linaniuma. Miaka yangu ya mwanzo nilisimamia ukarabati wa nyumba kongwe Ujiji. Nikaagiza lipu nzito ya saruji, mfuko mmoja kwa mchanga mara tatu, na rangi ya mafuta juu yake. Ilipendeza. Msimu wa tatu wa mvua mwenye nyumba akaniita. Unyevu ulikuwa umefika usawa wa dirisha, na fremu ya mninga iliyodumu miongo kadhaa ilikuwa imeanza kuoza kwa chini. Nikachukua tindo, nikagonga. Lipu ikatoka bamba zima, kama gamba la kobe, kavu kabisa upande wa nje. Nyuma yake ilikuwa imelowa inang'aa, na tofali lililofichwa pale nililisaga kwa kidole gumba kama kipande cha sukari guru. Lipu yangu ilikuwa nzima, na ukuta ulikuwa unakufa nyuma yake. Tangu siku hiyo sijapiga saruji juu ya ukuta uliojengwa kwa udongo.

Tuje kwenye kona. Chumvi ya kula ina tabia moja ambayo kila mpishi anaijua: hewa ikiwa na unyevunyevu, inalowa yenyewe ndani ya kopo. Hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi huanza kuivuta hadi inakuwa maji. Kando ya ziwa, usiku na alfajiri, hewa hufika hapo mara nyingi. Sasa fikiria magunia ya Uvinza, chumvi inayotokana na maji ya chemchemi, ile iliyokuwa ikisafiri na misafara tangu kabla Mjerumani hajafika. Yameegemea ukuta huo miaka na miaka, kila msimu wa mvua yakichuruzika kidogo kwenye tofali na kwenye sakafu. Ukuta umeshiba chumvi ya babu. Kona hiyo hata ungeikatia kila tone linalotoka ardhini, bado ingetoka jasho asubuhi, kwa sababu inalinywa jasho hilo kutoka hewani. Kwa hiyo una magonjwa mawili katika chumba kimoja, na dawa zake hazifanani.

Usiniamini kwa maneno tu, jaribu. Weka tone la maji kwenye unga mweupe. Ukiyeyuka, ni chumvi; ukibaki kama manyoya na kunuka uvundo, ni ukungu. Kisha kwangua rangi sehemu mbili, moja kwenye kona na nyingine kwenye ukuta wa mbali, upana wa futi mbili kwa mbili. Funika kila sehemu kwa nailoni angavu, ziba pande zote kwa utepe wa gundi isipitishe hewa, na uache siku mbili. Nailoni ikitoa matone kwa ndani, maji yanatoka ukutani. Lakini kwenye kona, ukikuta palipofunikwa pamebaki pakavu huku pembeni yake panatoka jasho, basi unyevu huo ni wa hewani, na chumvi ndiyo inayouita.

Kuhusu fundi wako, simlaumu. Saruji ndiyo aliyofundishwa, na kwenye nyumba ya tofali za bloku yenye tabaka lake la kuzuia unyevu angekuwa sahihi. Ila kwa ukuta wako, wotaprufu na marumaru ni kifuniko juu ya kifuniko. Marumaru zitashika mwaka au miwili, unyevu utatokea juu yake, na siku zikidondoka zitaondoka na uso wa tofali. Zipo njia nyingine utakazosikia: kukata ukuta kipande kwa kipande na kuingiza tabaka la nailoni, au kutoboa matundu na kudunga dawa ya kuzuia maji. Ya kwanza kwenye ukuta wa udongo inaweza kukushushia ukuta, usiikubali bila mhandisi kusimama hapo. Ya pili ni ghali na hufanya kazi kwa kubahatisha kwenye kuta nene zenye udongo ndani. Kwa pesa ya kudunduliza sikushauri hata moja.

Anza nje, wala si sebuleni. Zunguka nyumba ukiwa na rula. Katika miaka sitini na zaidi, majani, kufagia na mabustani hupandisha ardhi, na mara nyingi nakuta udongo wa nje uko juu kuliko sakafu ya ndani. Ushushe hadi uwe sentimita 15 au 20 chini ya sakafu, na uupe mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita kwenda mbali na ukuta. Tazama bati: kama hakuna gata, maji ya mvua yanadondoka mstari mmoja chini ya upenu na kurukia ukuta msimu mzima. Weka gata na upeleke maji mbali, au yavune kwenye tangi, utayahitaji baadaye. Na kwa kuwa kona mbaya iko upande wa jikoni, angalia maji ya vyombo yanamwagwa wapi. Nimeona nyumba nyingi zinazonyweshwa kwa beseni kila siku halafu lawama zote zinalipata ziwa. Ukitaka kuchimba mtaro wa kokoto, uwe angalau mita moja kutoka ukutani na usishuke chini kuliko kina cha msingi. Misingi ya zamani ni mifupi. Ukichimba karibu, unaiondolea miguu.

Halafu chimba shimo la kupimia, upande wa ziwa, mita tatu au nne kutoka nyumba, kina cha sentimita 80. Lifunike mvua isiingie. Kila wiki chovya fimbo, uandike maji yako umbali gani kutoka uso wa ardhi. Hili ndilo litakalokupa jibu gumu kuliko yote. Maji yakikaa chini kabisa au yasionekane, ukarabati wako una maisha marefu. Yakisimama sentimita 30 au 40 kutoka juu, hakuna lipu duniani itakayoshindana nayo, na nitakuambia bila kuficha: fanya matengenezo ya bei ndogo tu, huku ukifikiria mahali pengine.

Nasema hivyo kwa sababu ziwa hili halitulii. Maji yake mengi huondoka kwa kugeuka mvuke, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo, ziwa linajaa kama beseni lenye tundu dogo. Katika karne ya 19 Lukuga iliziba, ziwa likapanda sana, na lilipofunguka miaka ya 1870 likashuka mita nyingi. Ndiyo maana pale Ujiji walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, leo unatembea kidogo ndipo uone maji. Na kuanzia karibu mwaka 2020 tumeliona likirudi, likiingia kwenye majengo na mialo ya kandokando. Wewe mwenyewe umeandika "maji yalipo sasa", kwa hiyo unajua yalikuwa mbali zaidi. Chomeka mti ufukweni, uutie alama, uangalie kila mwezi sambamba na shimo lako.

Hapa ndipo ninapomjibu kaka yako. Hatua sabini za mtu mzima ni kama mita 50. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nyumba ya babu ilikuwapo kabla ya sheria hiyo. Mkiibomoa, msitegemee kwamba mtaruhusiwa kujenga nyingine palepale, na mnaweza kubaki na kiwanja cha kuoteshea mchicha. Kabla ya kugusa chochote kikubwa kuliko lipu na rangi, nenda Manispaa ya Kigoma Ujiji uulizie kibali, na upite kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi yao iko hapohapo Kigoma. Waulize kwa maandishi, na majibu uyapate kwa maandishi.

Tukidhani shimo limekupa habari njema, sasa ingia sebuleni. Panga kazi ianze mara mvua zinapokatika, mwanzoni mwa Juni. Zima umeme wa chumba kwanza. Waya wa zamani ndani ya ukuta uliolowa si wa kuchezea, na fundi umeme aukague kabla hujarudishia soketi. Bandua lipu yote ya saruji hadi sentimita 40 au 50 juu ya mstari wa juu wa unyevu, yaani kama mita moja na nusu kutoka sakafuni. Gonga kwa tindo jembamba na nyundo ndogo, kwa upole, maana tofali lililo nyuma linaweza kuwa laini. Rangi ya mafuta ya miaka ile inaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo usiipige msasa mkavu. Itoke pamoja na lipu yake, ikiwa imenyunyiziwa maji kidogo vumbi lisiruke, na watoto na wajawazito wawe mbali. Kifusi kiwekwe kwenye magunia kitolewe. Kisimwagwe chini ya ukuta kwa nje, kwa sababu chumvi itarudi ilikotoka.

Kisha uache ukuta uchi. Najua ni sebule na unaona aibu ukipata wageni, lakini hii ndiyo dawa yenyewe. Fungua madirisha, upepo wa kusi wa kiangazi ufanye kazi. Kila wiki chumvi itachanua. Isugue kwa brashi kavu, ikusanye kwenye kizoleo, itupe mbali. Usiuoshe ukuta kwa maji, maana utaiyeyusha na kuirudisha ndani. Wajenzi tuna kipimo cha kukisia: ukuta hukauka sentimita mbili na nusu kwa mwezi. Ukuta wa sentimita 35 hauwezi kumaliza kiangazi kimoja, na si lazima umalize, ili mradi utakachoupaka kinaruhusu uendelee kukauka.

Kona ya chumvi ina kazi ya ziada, na ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe. Loweka magazeti yaliyochanwachanwa kwenye maji ya mvua hadi yawe uji mzito, changanya na udongo wa mfinyanzi uliochekechwa. Lowanisha ukuta kidogo kwa maji hayohayo ya mvua, kisha ukandike uji huo unene wa sentimita mbili, uukandamize ushike vizuri kila mahali. Uache ukauke wenyewe, siku kumi au wiki mbili. Unavyokauka unanyonya maji ya ukutani kuja kwake, na chumvi inafuata. Ukianza kuachia pembeni, ubandue, uutupe. Uutazame kwa karibu kabla hujautupa: utauona umemetameta upande wa nje. Rudia mara mbili au tatu. Haitaisha yote, nisikudanganye, lakini itapungua sana.

Mwishoni mwa Agosti, piga lipu ya chokaa. Nunua chokaa ya mfuko kwenye duka la vifaa vya ujenzi, angalia isiwe imechanganywa na saruji wala imelowa. Iloweke kwenye pipa siku moja kabla, ikiwezekana wiki nzima, iwe laini kama mtindi mzito. Pima karai moja ya chokaa kwa karai tatu za mchanga wa mto uliooshwa, wenye chembe kubwa na ndogo. Kwa chumba chako, ukitoa milango na madirisha, una kama mita za mraba 22 za kupaka. Kwa unene wa sentimita mbili utahitaji mifuko mitano hivi ya kilo 25 na toroli tisa au kumi za mchanga. Chimbua kwanza udongo uliooza kwenye maungio na uzibe kwa chokaa hiyohiyo, badilisha matofali yaliyosagika, nyunyizia ukuta maji, kisha paka mikono miwili, yaani tabaka mbili za sentimita moja moja. Kati ya mkono wa kwanza na wa pili ngoja siku saba hadi kumi. Chokaa haigandi kama saruji. Inashika polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ikikaushwa haraka inapasuka na kuwa unga. Kwa hiyo tundika magunia ya hesiani yaliyoloweshwa mbele yake, na turubai kwenye madirisha ya magharibi, kwa sababu jua la alasiri la Kigoma linaingia moja kwa moja. Vaa glavu na miwani. Chokaa ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi robo saa nzima na uende hospitali, hata kama maumivu yamepungua.

Juu yake paka chokaa ya maji, nyembamba, mikono mitatu au minne. Kama unataka rangi, tia udongo mwekundu uliochekechwa vizuri. Sebule inakuwa na wekundu wa jioni ambao hakuna kopo linaloutoa. Rangi ya mafuta usiirudishe, hata ile ya chini tu ya kuzuia alama za mikono ya watoto. Kwenye kona, tegemea kwamba baada ya miaka michache lipu itaanza kutoa unga tena. Hapo lipu inafanya kazi yake, inalika yenyewe badala ya tofali. Utabandua kipande hicho na kupaka kingine.

Sakafu nyekundu ninakuomba uiache. Ukiifunika yote kwa marumaru, maji yaliyokuwa yanatoka kidogo kidogo kupitia sakafu yatakimbilia kuta, na utakuwa umejiongezea tatizo lilelile. Gonga kwa mpini wa ufagio. Panapolia tupu ndipo pa kukata na kuziba kwa saruji yenye rangi nyekundu. Palipobaki osha, acha pakauke, paka polishi kidogo, usitie tabaka juu ya tabaka. Sakafu hizo zikisuguliwa vizuri kwa kifuu zinang'aa hadi unaona dirisha ndani yake.

Dari sina mengi, kwa kuwa hukuitaja. Ila kabla hujaibomoa, mtu mzoefu aione: vibao bapa vya kijivu vya miaka ya zamani vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi ambazo vumbi lake hudhuru mapafu, na hivyo havikatwi wala havivunjwi nyumbani. Kama kuna popo, kinyesi chao kisifagiliwe kikavu. Mchwa utawajua kwa vijia vya udongo vinavyopanda ukutani kuelekea kwenye kenchi. Chomeka bisibisi kwenye boriti, ikizama bila kusukumwa, boriti hiyo imekwisha.

Kuna dalili ambazo hazingojei barua yangu nyingine. Ufa wa mshazari kwenye pembe za milango unaoweza kuingiza kidole kidogo, ukuta uliofura tumbo, au fremu za madirisha zilizoanza kubana zenyewe. Hapo mwite mhandisi wa majengo aje aione kwa macho. Ufa mdogo unaweza kuwa wa zamani. Tetemeko la Desemba 2005 lililoanzia ziwani lilitikisa ukanda huu, na huenda ndilo lililouacha. Ili ujue kama umelala au unatembea, bandika doa la jipsamu juu yake, uandike tarehe. Doa likipasuka ndani ya miezi michache, ufa unatembea.

Na kabati la babu la mninga, kama bado lipo, usiliegemeze tena kwenye kona ile. Libakize vidole vinne kutoka ukutani, na chini uliwekee vipande vya tofali, hewa ipite nyuma yake. Shimo likishatimiza wiki nne, niandikie vipimo vyote vinne pamoja na picha ya kona ikiwa uchi, ndipo nitakuambia kama ununue hiyo chokaa au usubiri.